Rangi ya Mageti

Juma lililopita geti la jengo tunaloishi hapa Kileleshwa lilipakwa rangi. Nilikuwa narudi kutoka mjini, dirisha la gari nimelishusha, na kabla sijamwona mpakaji wala kopo lake nilikuwa nimeshasikia harufu. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile nzito inayochanganywa na tapentaini, inayoingia kooni na kukaa. Waliokuwa kwenye magari ya nyuma yangu walipandisha vioo haraka. Mimi niliegesha kando ya ukuta, nikazima injini, nikabaki nimekaa. Askari wa zamu alikuja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia niko sawa, nangoja tu. Sikumwambia kwamba wakati ule nilikuwa na umri wa miaka minane, nimechuchumaa nyumbani kwetu mtaa wa Woodley, kando ya gurudumu la nyuma la gari la Baba, tambara la kufutia vumbi mkononi.

Wa rika langu mtayakumbuka magari ya wazazi wetu. Gari lilikuwa mtu wa saba nyumbani, na mara nyingi ndilo lililokuwa na maradhi mengi kuliko wote. Lilikuwa na dumu lake la maji ndani ya buti, blanketi lake la kufunika kiti kilichochanika, na asubuhi za baridi lilisukumwa na familia nzima, watoto wakiwa na mikoba mgongoni. Letu lilikuwa la kijani, lenye mlango wa buti uliofungwa kwa kamba ya katani. Baba, ambaye alikuwa karani katika ofisi moja katikati ya jiji, alilinunua kwa mkubwa wake aliyekuwa anastaafu. Kijani chenyewe kilikuwa kimechoka. Kwenye paa kilikuwa kimepauka hadi ukikigusa kinakuachia unga kwenye vidole.

Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile nyumba za zamani za baraza la jiji, yenye vigae vyekundu na ua wa michongoma. Tulikuwa Baba, Mama, mimi, kaka zangu wawili wadogo, na Tata Wairimu. Tata ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. Wazazi wao walipofariki Baba alikuwa kijana aliyeajiriwa juzi tu, na Wairimu mtoto wa darasa la pili. Alimchukua, akamlea, akamsomesha. Mimi nilipozaliwa nilipewa jina la mama yao, na kwa desturi ya watu wetu hawakuwa wakiniita kwa jina hilo. Wote wawili waliniita Maitu, yaani mama. Basi nilikuwa mama ya baba yangu na mama ya shangazi yangu, na nilikuwa bado nanyonya kidole.

Tata na mimi tulilala chumba kimoja. Alikuwa mpiga chapa katika kampuni moja mjini, anarudi jioni akinukia manukato na karatasi. Yeye ndiye aliyenisimulia jinsi Baba alivyokuwa akimpeleka shule ya bweni kwa gari lile, sanduku la bati likiwa limefungwa juu ya paa. Kila mara gari lilikataa kuwaka, na kila mara ilimbidi Tata ashuke na sare yake asukume. Tata akinung'unika, Baba alimwambia kupitia dirishani, "Sukuma vizuri. Hii ndiyo itakupeleka kanisani siku ya harusi." Neno hilo lilianza kama mzaha wa kumtia nguvu. Lakini lilirudiwa muhula baada ya muhula, miaka minne, na mzaha ukirudiwa hivyo unageuka ahadi.

Halafu Tata akachumbiwa. Mchumba wake alikuwa mwalimu, mtu mpole wa Limuru, na harusi ikapangwa kufanyika kanisani si mbali na Barabara ya Ngong. Ikaundwa kamati, kama kawaida yetu. Kila Jumapili alasiri sebule ilijaa watu, chai ikapikwa kwa sufuria kubwa, mkate ukapakwa siagi, na binamu yake Baba, aliyekuwa na duka la vyuma mjini na nyumba nzuri Kileleshwa, akakaa kwenye kochi lililotazama mlango. Jina lake alikuwa nalo, ila tangu siku ya kwanza ya kikao sikumsikia mtu akilitumia. Aliitwa Mwenyekiti, hata na mke wake.

Jumapili waliyofikia habari ya magari mimi nilikuwa chini ya meza na kipande changu cha mkate. Mwenyekiti alisoma orodha. Gari la fulani, jeupe. Gari la fulani, jeupe. Msafara wote ungekuwa mweupe, alisema, kwa sababu ya picha. Alipofika kwa Baba alishusha miwani.

"Kamau, hiyo gari yako ni ya maana sana. Lazima sufuria za karamu zifike, na hakuna gari ingine yenye nafasi."

"Mimi nilikuwa nafikiria nitabeba bibi harusi," Baba akasema.

Nilisikia vijiko vikiacha kukoroga.

"Sasa unajua, hiyo yako ni kijani. Itaharibu picha. Na hiyo si mimi, ni kamati."

"Kwa hivyo shida ni rangi?"

"Ni rangi tu, ndugu yangu. Ni rangi tu."

Baba akasema sawa. Kutoka pale chini niliona viatu vyake. Kimoja kilikuwa kinapiga sakafu polepole, kisha kikatulia.

Mimi niliamini kila neno. Niliamini kwamba kijani kimekatazwa harusini, kwamba kuna sheria ya kanisa au ya Mungu mwenyewe, na kwamba mtu wa kijani akitokea picha zitaharibika. Na sweta yangu ya shule ilikuwa ya kijani. Nikaichukua, nikaizika chini kabisa ya kikapu cha nguo chafu, nikaenda shule siku tatu na blauzi tupu katika baridi ya Julai. Mama alipoigundua na kunitaka nijieleze, nilimwambia sitaki kuharibu harusi ya Tata. Badala ya kunichapa alinivalisha ile sweta, akanifunga vifungo vyote hadi shingoni, na siku zile sikuelewa kwa nini macho yake yalikuwa mekundu.

Jumamosi iliyofuata Baba alirudi kutoka Barabara ya Kirinyaga, kunakouzwa vipuri vya magari, na makopo mawili, chupa ya tapentaini na furushi la msasa. Mama alisimama mlangoni, mikono imejaa unga.

"Unataka kufanya nini?"

"Wamesema ni rangi."

"Na logbook? Logbook inasema gari ni kijani."

"Logbook haijaalikwa harusi."

Mama alicheka ingawa hakutaka. Alijua, na sote tulijua, kwamba gereji ya kupuliza rangi ingetaka mshahara mzima, ambao haukuwepo. Kamati ilikuwa inachangisha, na Baba, kwa kuwa ndiye mzazi, alikuwa ameshachangia mpaka akabaki na nauli. Kwa hiyo alinunua rangi ya mafuta, nyeupe, ile ya kupakia mageti na madirisha.

Jirani yetu Musyoka, mtu wa Machakos, alikuwa fundi wa rangi kwenye gereji moja huko mjini. Alichungulia juu ya michongoma, akaona makopo, akazunguka akaingia.

"Jirani, hii ni rangi ya mageti."

"Geti inakaa jua na mvua miaka mingapi?"

"Mingi. Lakini geti haiendi popote."

Musyoka alivua koti lake, akalitundika kwenye michongoma, akasema sawa, basi kama ni ujinga ufanywe vizuri. Akamfundisha Baba yote niliyokuja kuyajua kuhusu kazi ile. Gari lioshwe kwa sabuni mpaka mafuta yote yatoke. Lipigwe msasa kwa maji, bodi nzima, hata pasipoonekana. Rangi izimuliwe iwe nyepesi, ipakwe kwa sponji badala ya brashi ili isiache mistari, mkono mmoja mwembamba, yaani tabaka moja, kisha ingojewe ikauke kabisa, ipigwe msasa tena, mkono mwingine. Ukipaka nzito inachuruzika. Ukiharakisha unarudia mwanzo.

Sponji ilitoka kwenye godoro letu, langu na Tata. Baba alikata kona ya upande wa miguuni kwa kisu cha jikoni, na mpaka tulipohama nililala na shimo pale. Kufunika vioo tulitumia magazeti, na kwa kuwa utepe wa kubandikia ulikuwa ghali, Mama alipika gundi ya unga wa ngano. Kuku wa Mama Musyoka wakaigundua. Ikabidi kaka zangu wasimame walinzi na fimbo, maana kuku walikuwa wanadonoa gari kama linaloota mtama.

Kwa majuma matatu nyumba yetu ilikuwa kazini. Maji ya msasa yalitoka ya kijani, yakateremka kwenye mtaro, na nilifurahi kuyaona yakienda zake, nikidhani tunaosha dhambi. Baba alikuwa akirudi ofisini, anavua tai, anavaa suruali kuukuu na kuanza. Alimwaga maji chini ili vumbi lisipae. Alitundika mashuka yaliyoloweshwa kwenye kamba za nguo kuzunguka gari lote, na ndani yake mwanga ulikuwa mweupe na wenye ubaridi, na sote tukawa tunaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Sijapata kumwona Baba akiwa na furaha ya namna ile. Hakuwa mtu wa kuimba, lakini mle ndani ya mashuka alikuwa anavuma tenzi puani.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Kila asubuhi kabla ya shule nilifungua kile kifuniko kidogo cha tangi la mafuta, mahali ambapo alama haingeonekana, nikabonyeza gumba langu juu ya rangi, nikaenda kumwonyesha Baba. Gumba likiwa na weupe, bado. Likiwa safi, tayari kwa msasa. Nilijiona mtu mkubwa sana. Rangi ile ilikuwa haina haraka, siku mbili, siku tatu, na jua la Julai mnalijua, linatoka saa saba na saa tisa limesharudi.

Usiku wa kuamkia siku ya mkono wa mwisho ikanyesha mvua isiyotarajiwa, na jioni iliyofuata, rangi ikiwa mbichi, kumbikumbi wakatoka ardhini. Walikuja wote kwenye weupe ule. Tulipofunua shuka boneti ilikuwa imejaa mabawa. Baba aliketi kwenye ndoo akashika kichwa. Tata alikuwa ndio kwanza anaingia kutoka kazini. Alivua viatu vyake vya visigino, akaenda chumbani akaleta kile kibanio chake cha kung'olea nyusi, akaanza kutoa bawa moja baada ya jingine. Alinipa mimi sindano ya Mama. Tulifanya hivyo, sisi watatu, mpaka macho yakaanza kuuma.

"Kaka," Tata akasema bila kuinua kichwa, "si lazima."

"Ni lazima."

"Mwenyekiti amepata gari kwa rafiki yake. Ni mpya. Alinionyesha jana pale kwa ofisi."

Baba akang'oa bawa jingine.

"Ni nzuri?"

"Iko tu sawa. Viti zake ni kama za meneja. Na ukifunga mlango haupigi, unanyamaza tu." Aliufuata mlango ule usiokuwepo kwa mkono, polepole, mpaka ukajifunga hewani. "Lakini si ni ya wasimamizi wa harusi."

Mimi nilifurahi kusikia msafara umepata gari jingine. Nilidhani Tata anayadhihaki magari ya matajiri, kwa sababu alikuwa fundi wa kudhihaki, na nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mkono wa mwisho ulipakwa upya Jumamosi. Jumapili gumba langu likatoka jeupe. Jumatatu, Jumanne, bado lilinata. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata, na nyumbani watu waliacha kuulizana habari nyingine. Jumatano likawa linanata kidogo tu. Alhamisi asubuhi nilibonyeza, nikabonyeza tena kwa nguvu mpaka ukucha ukaniuma, nikakimbia jikoni nikiwa nimeinua gumba juu. Lilikuwa safi. Baba aliacha chai yake, akaja kupima mwenyewe kwenye kifuniko, kwenye boneti, kwenye milango yote mitano. Kisha akanipa mkono kama watu wazima wanavyopeana baada ya kukubaliana jambo.

Niseme ukweli kuhusu gari lile. Ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara lilikuwa zuri ajabu, jeupe, linang'aa. Ukisogea karibu uliona vidoa vidogo vya sponji kila mahali, kama ganda la chungwa. Ukifungua mlango, fremu ya ndani ilikuwa bado kijani. Na kwenye boneti, ukijua pa kutazama, palikuwa na bawa moja lililotushinda.

Asubuhi ya harusi magari yalipangwa mstari nje ya michongoma. Watu wa upande wa bwana harusi walikuwa getini, kama ilivyo desturi, wakiimba wafunguliwe, na akina mama wa kwetu wakiimba kuwajibu kwamba hawajasikia vizuri. Baba alikuwa ameegesha mbele kabisa. Mama alikuwa amefunga riboni ya waridi kutoka kioo hadi pua ya gari. Baba alisimama kando ya mlango wa nyuma, suti yake ya kahawia imepigwa pasi mpaka inametameta, mkono mmoja juu ya kitasa.

Kisha likaja lile jingine, jeupe, refu, na likasimama sambamba na letu bila kelele. Mwenyekiti akashuka. Alilizunguka gari la Baba polepole.

"Kamau, umejitahidi. Kweli ni nyeupe."

"Mlisema ni rangi."

"Ni kweli, tulisema." Alikuna shingo. "Lakini sasa ikizima pale kwa roundabout? Na bibi harusi ako ndani?"

"Nimebadilisha stata."

"Na hizo viti..."

"Nimeosha viti."

Mwenyekiti alitazama saa yake, akaufungua mlango wa gari lile refu, na Baba akaufungua wa kwetu. Na mimi niliyekuwa nimesimama pale na kikapu changu cha maua nikaelewa. Haikuwa rangi. Haikuwa imewahi kuwa rangi. Walikuwa wametafuta neno la heshima la kusema gari ni kuukuu na sisi ni maskini, na Baba alikuwa amelichukua neno lile kama lilivyo, akalipiga msasa, akalipaka mikono mitatu. Hadi leo sijui kama alikuwa hajaelewa, au alielewa tangu siku ya kwanza na akataka wamwambie waziwazi. Nimewaza majibu yote mawili na yote yanafanana naye.

Ndipo Tata akatoka nyumbani. Gauni lilikuwa kubwa, limeazimwa kwa rafiki, na glavu nyeupe zikimfika kwenye viwiko. Alifika kwenye ngazi akasimama. Milango miwili ilikuwa wazi mbele yake, wa gari refu na wa gari letu. Nyimbo zikafifia moja moja, maana hata wale wa getini walikuwa wameshaona. Tata aliliangalia gari refu. Akamwangalia Baba. Watu wote wa Woodley na wa Limuru walikuwa wanamngoja.

Baba akafunga mlango wake.

"Wairimu, usiguse hii," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Rangi haijakauka vizuri. Itakuharibia gauni."

Nilidhani amesahau. Nilidhani haraka za asubuhi zimemchanganya, na kwamba ni wajibu wangu kumkumbusha.

"Imekauka, Baba. Tulipima Alhamisi."

Mkono wa Mama ulinitua begani na kunikamata.

"Pale tulipima ilikauka," Baba akasema, bila kunitazama. "Hii side bado."

Tata alishuka ngazi. Alikuja mpaka kwenye gari letu, akaweka kiganja chake chenye glavu juu ya mlango, akakibonyeza na kukiacha pale muda. Alipokiinua alikitazama. Mimi nilikuwa chini yake na nilikiona pia. Hakikuwa na chochote. Kisha akakifumba.

"Ni kweli," akasema. "Bado."

Akaingia kwenye gari refu. Mlango wake haukupiga.

Nilipanda na Baba. Sufuria za karamu zilipakiwa haraka kwenye buti yetu, na mwiko mmoja mkubwa ulikuwa unanichoma ubavuni. Tulikuwa wa mwisho kabisa katika msafara, magari yote yakipiga honi, na Baba naye akapiga yake, ambayo ilikuwa na sauti ya mbuzi. Nililia tangu michongoma hadi kanisani. Alinivumilia mpaka tukafika kwenye Barabara ya Ngong.

"Umekasirika?"

"Umedanganya."

"Ndio."

"Ilikuwa imekauka."

"Najua, Maitu. Sasa ningefanya aje? Amesimama pale, watu wote wanamwangalia."

Mimi ni mtu wa kuweka kinyongo, nakiri, na kinyongo kile nilikiweka vizuri. Sikucheza karamuni. Tata alipokuja kututembelea na mumewe nilimwamkia na kuondoka chumbani. Miaka ikapita, nikakua, nikajua mambo zaidi, na hasira ikageuka kitu kingine. Nikajitungia maelezo. Kwamba Mwenyekiti alimbana. Kwamba Tata aliona Baba anavyoaibishwa mbele ya watu, na akakubali ule uongo ili kumtoa pale haraka. Kwamba kila mmoja alimdanganya mwenzake kwa upendo. Nilikipenda kisa hicho. Baba alipofariki, na gari lile likiwa limeshauzwa kama chuma chakavu zamani, nilisimama kanisani nikakisimulia hivyo hivyo, na watu wakafuta machozi. Tata alikuwa kiti cha mbele. Nilimwona akiangalia mikono yake.

Baada ya mazishi, wageni walipopungua, tulibaki jikoni kwake mimi na yeye tukiosha vikombe. Alikuwa ameanza kuota mvi. Alifunga mfereji.

"Maitu, ile story umesema kanisani. Si hivyo ilikuwa."

Niliweka chini kikombe nilichokuwa nakifuta.

"Mimi nilitaka ile ndefu. Tangu siku Mwenyekiti alinionyesha. Nilikuwa nalala nikiiwaza, na wewe uko hapo kando yangu umelala. Nilitoka kwa ile mlango nikiomba Mungu anipatie njia, sababu singeweza kusema. Huyo ni mtu alinilea. Na akaniangalia, akaona." Alichukua kikombe kilichokuwa kimeshaoshwa, akakiosha tena. "Hakunidanganya. Alinipatia uongo nitumie. Na nikatumia."

Nilitaka kumkasirikia, na hasira ilikuwa imekaa tayari tangu nikiwa na miaka minane. Haikuja. Nilijua ni kwa nini ananiambia mimi, na kwa jina lile: alikuwa anaungama kwa mama yake. Nilimwambia kwamba ningekuwa yeye, na umri ule, na gauni lile, huenda nami ningetaka gari lile refu. Alitikisa kichwa kama asiyeamini, lakini mabega yalimshuka, na tukamaliza vikombe.

Ila tangu siku hiyo simwazi yeye tena, namwaza Baba. Alikuwa amesimama pale na mkono kwenye kitasa, anamngoja mtoto aliyemlea, na akamtazama usoni, akaona kwamba hamtaki. Hakuna aliyekuwa amemwandaa. Alikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja tu kabla watu wote hawajaona alichokiona yeye, na katika pumzi hiyo akafunga mlango.